Fundi Aliyelichuna Gombo

Mwaka niliougua homa kule kambi ya mkonge, Tanga, nilikuwa kijana wa ndevu za kwanza, na hakuna aliyenibeba kunipeleka hospitali. Shangazi yangu alimleta mwalimu wa chuo aniandikie kombe. Mwalimu akakaa kwenye mkeka, akakoroga zafarani, akaandika aya kwenye sahani nyeupe mpaka sahani ikajaa. Halafu akaisuuza kwa marashi na maji ya kisima, akanipa yale maji ninywe. Nikanywa. Sikuwahi hata kushusha pumzi, nikatapika yote sakafuni.

Sasa sikiliza. Mwalimu hakuniuliza kama tumbo linauma. Aliinuka akatazama matapishi yamefika wapi. Nyumba ile ilikuwa ya udongo, na udongo ulikuwa umeshaanza kuyanywa. Akamwambia shangazi alete jembe. Wakachimba udongo wote uliolowa, wakaufunga kwenye kitambaa cheupe, wakaenda kuuzika nyuma ya nyumba pasipopita miguu ya watu. Mimi nimelala natetemeka, shimo kando ya kitanda changu, na wao wako nje wanazika udongo. Nilipona, lakini hasira ile nilikaa nayo miaka mingi. Nilikuwa nikiwahadithia watu, wanacheka.

Nilihadithia Dar es Salaam, nikahadithia melini, nikahadithia Durban. Wote walicheka isipokuwa mtu mmoja. Yeye aliweka chini brashi aliyokuwa ameishika, akaniuliza, "Lile shimo walichimba kina gani?"

"Sijui, Fundi. Nilikuwa naumwa."

"Kama walichimba kiganja kimoja tu, yapo maandishi yaliyobaki. Zafarani inazama."

Basi huyo ndiye ninayetaka kumsema. Usidhani nimekaa hapa kumsifu. Pale anapostahili sifa nitampa, kwa sababu mimi si mwongo, lakini haya nayaandika nikiwa na hasira, na wanaonisihi niiache wamechelewa sana. Mtu huyu alilichuna gombo la dini ya watu, gombo la miaka mia saba au mia nane, akalivua ngozi kama mbuzi. Na alijua anachokifanya kuliko mtu yeyote katika mji ule. Angekuwa mjinga ningemsamehe siku ile ile.

Tulikuwa tunafanya kazi mtaa wa Point, Durban, kwenye jengo kuukuu karibu na bandari, kwa mama mmoja wa Kizungu tuliyemwita Madamu. Alikuwa na duka la fremu na vitu vya kale. Ilikuwa ile miaka ya tisini inaelekea ukingoni, vyumba vya juu vimeanza kujaa Wakongo, na ukipanda ngazi unasikia Kifaransa, Kiswahili na Kizulu kabla hujafika ghorofa ya pili. Mimi nilifagia, nilipika gundi, nilifungua na kufunga geti la chuma. Fundi alikaa chumba cha nyuma, kapiga magoti mbele ya meza fupi kama mtu anayetaka kusali akasahau, anatengeneza karatasi. Ramani, vyeti vya ndoa, picha za rangi za maji. Wahindi Waislamu wa mtaa wa Chatsworth walimletea misahafu ya babu zao iliyoliwa na wadudu, akairudisha kama mipya.

Asili yake sitaitaja, siijui vizuri na hainihusu. Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, kisafi, chenye dharau kidogo. Ufundi aliupata Japani, na hapo ndipo uongo unapoanza. Siku moja alisema meli ilimwacha bandari ya Kobe na mguu uliovunjika, akalazwa kitanda cha jirani na mzee aliyekuwa fundi wa magombo. Siku nyingine mzee yule akawa mwenye nyumba wake. Mara ya tatu akawa mkwe. Nilipomkumbusha, alinijibu, "Mzee mmoja anaweza kuugua, akawa na nyumba, na akawa na binti. Tatizo liko wapi?" Mimi shule niliiachia darasa la nne, lakini wazee watatu najua kuwahesabu. Hata hivyo ukimwona anavyonyanyua karatasi iliyolowa, kwa ncha mbili, bila kupumua, unaacha kuuliza.

Gundi. Ngoja niseme habari ya gundi, maana hapo kosa ni langu. Gundi yenyewe ni uji tu wa wanga wa ngano. Unakoroga bila kupumzika, unachuja kwenye kitambaa, unaacha upoe. Ile ya asubuhi aliitumia kwa kazi za hovyo. Kwa kazi ya maana alikuwa na mtungi wake chini ya sinki, umefunikwa kwa ubao, ukungu mweusi juu, unanuka kama soksi za baharia. Wiki yangu ya pili pale nikautoa nje, nikaumwaga, nikausugua kwa mchanga mpaka ukang'aa, nikaurudisha mahali pake nikisubiri shukrani. Uji ule alikuwa ameutunza miaka sita.

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Hakunisemesha siku tisa. Siku ya kumi akasema, bila kunitazama, "Gundi changa ina nguvu nyingi na akili kidogo. Inaishika karatasi kama polisi. Ukitaka kuibandua baada ya miaka mia, inatoka na nyama. Ile iliyozeeka inashika polepole, na siku ikiambiwa iachie, inaachia."

"Kwa hiyo umenisamehe, Fundi?"

"Mimi ni gundi ya asubuhi hii."

Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa na maneno, na maneno yake yalikuwa matamu, na ndiyo maana nilimwamini.

Sisi Waislamu tumelelewa tusiache karatasi yenye jina la Mungu chini ya miguu. Unaiokota, unaiweka juu ya ukuta, unaendelea na safari. Yeye alivuka mpaka. Aliokota kila kitu chenye maandishi. Chini ya ngazi zetu palikuwa na kinyozi Mkongo, mtu wa Bukavu, tuliyemwita Papa Kinyozi, na kila asubuhi hao wawili walikuwa na mchezo wao.

"Mzee, njo nini unaokota? Ile ni papier ya pasteur wa miujiza, iko kila fasi."

"Ina jina la Mungu."

"Na ile ingine? Ile ni ya bière."

"Ina herufi."

"Eish, mzee. Kama Mungu iko anasoma mpaka bière, basi mimi niko sauvé, nimeokoka."

Fundi alicheka kwa pua, akaiweka ile lebo ya bia mfukoni na tangazo la pasta, akapanda. Na mtu huyo aliyeheshimu kila karatasi hakuwa na karatasi hata moja yenye jina lake. Kibali hana, pasipoti hana. Polisi walipopita Point kukagua watu, aliingia chini ya ile meza fupi, magoti yamegusa kidevu. Wakiondoka anatoka anaendelea na kazi, kama mtu aliyekuwa anatafuta sindano.

Hakunywa chai kwenye kikombe ambacho Madamu amekiweka karibu na sahani ya nyama ya nguruwe. Lakini mfukoni, ndani ya leso, alitembea na jino la nguruwe mwitu, refu, limepinda, limelainika kama sabuni. Nilipoliona mara ya kwanza nilirudi nyuma. Akaniambia dhahabu ukiipaka kwenye karatasi inakaa kama matope ya njano, imelala. Unaisugua kwa jino, taratibu, ndipo inaamka. Mafundi wa Japani walisugua hivyo tangu zamani.

"Jino la nguruwe, Fundi. Na unashika misahafu."

"Silili. Nasugulia."

"Si kuna mawe laini?"

"Yapo. Hayafiki."

Hapo ndipo ungemjua kama ungekuwa na akili, na mimi sikuwa nayo. Kazi ikitaka kutoka vizuri, hakuna alichoshindwa kukihalalisha. Alikuwa na ugonjwa wa sifa. Mteja akisema doa hili halitoki, Fundi hawezi kunyamaza. "Hata hilo linawezekana," ndiyo ilikuwa kauli yake. Nimeisikia mara mia. Nilikuwa nikiisikia nacheka.

Basi gombo. Alikufa mjane mmoja wa nahodha wa meli, watoto wakauza vitu vya nyumba, Madamu akanunua sanduku zima bila kujua limebeba nini. Ndani, kwenye magazeti ya kale, palikuwa na gombo la Kijapani. Tulilifungua kwenye meza tatu zilizounganishwa, na bado likabaki.

Mwanzoni mwake kulikuwa na kipande cha karatasi ya nili iliyokolea, na juu yake picha ya dhahabu tupu, mistari myembamba kama nywele. Buda amekaa juu ya ua, mwanga unamtoka kwenye paji la uso. Watu wameketi chini wanamsikiliza. Pembeni nyumba inaungua, na ndani watoto bado wanacheza. Ilinichukua muda kuona kwamba wanacheza. Baada ya picha yakaja maneno ya Buda, mistari inateremka kutoka juu hadi chini, kwa wino mweusi. Karatasi yake rangi ya chai ya maziwa, imenyunyizwa vipande vya dhahabu vidogo kama pumba za mchele. Kati ya mstari na mstari wamepiga mstari wa fedha, na fedha ilikuwa imegeuka nyeusi. Nikasema nilete majivu niisugue ing'ae. Fundi akanitazama kama ameukumbuka ule mtungi, nikarudisha mkono.

Aliniambia watu wale waliamini kuyaandika tu yale maneno ni thawabu, na kuyapamba ni thawabu juu ya thawabu. Wako walioinama mara tatu kwa kila herufi, ndipo wakaandika nyingine. Mimi nilipenda jambo hilo. Dini si yangu, lakini adabu naijua nikiiona.

Gombo lolote lina karatasi nyingine nyuma, ya kulishikilia. Ya lile ilikuwa imeoza, na kazi ya Fundi ilikuwa kuitoa na kubandika mpya. Alililaza kifudifudi, akalilowesha kwa ukungu wa maji, akaanza kuibandua ile iliyooza kwa ubapa wa mwanzi. Siku ya pili nikasikia ameacha kufanya kazi. Ukizoea kukaa na fundi unasikia anapoacha. Nikaingia.

Nyuma ya maneno ya Buda kulikuwa na maandishi mengine. Si yale ya kusimama. Haya yalikuwa ya haraka, yameinama, yameshikana kama majani yaliyopigwa na upepo. Fundi alikwenda kunawa mikono, akarudi, akapiga magoti.

"Hizi ni barua," akasema.

"Barua za nani?"

"Za marehemu. Mtu wao akifa walikusanya barua zake. Hawakuzichoma, hawakuzitupa. Walizigeuza, wakaandika maneno ya Buda mgongoni mwa maneno yake. Herufi ya dini imelala mgongo kwa mgongo na herufi ya marehemu, inambeba. Yule mzee wa Kobe alinieleza, ila sikuwahi kuona kwa macho."

"Anasema nini humo?"

Akainama karibu. "Huu mkono wa mwanamke. Anauliza kama farasi amepona mguu." Akasogea. "Hapa anasema mvua imeingia chumbani."

Mpaka leo sijui kama alikuwa anasoma au anatunga. Lakini mimi nilikaa chini sakafuni. Mke wangu alikuwa amefariki Tanga mwaka uliotangulia, amezikwa wiki tatu kabla habari haijanifikia. Nilikuwa na barua zake saba. Aliandikiwa na jirani, lakini maneno ni yake, nayasikia. Bati la jikoni linavuja. Yule mbuzi nimemuuza. Unakula nini huko? Nilizifunga kwenye mfuko wa plastiki, na sikujua nizifanye nini. Kuzisoma siwezi, kuzitupa siwezi.

Kesho yake nikamletea. "Fundi, zimeandikwa upande mmoja tu. Niandikie Yasin mgongoni mwake. Kama walivyofanya wale."

Alizipokea kwa mikono miwili. "Nikimaliza gombo," akasema. Usiku ule nililala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu msiba.

Halafu Madamu akaingia kuona kazi imefika wapi, na Fundi akamweleza habari za barua. Mama yule hakuwa shetani. Alitupa mkate, alituuliza hali. Alitazama nyuma, akatazama mbele, akasikitika. Alisema kwa Kiingereza chake, nami nakiweka kwa Kiswahili, kwamba ni hasara, maana gombo likikatwa vipande likawekwa kwenye fremu, mtu ataona upande mmoja tu, na upande mwingine utatazama ukuta.

Angenyamaza pale. Dunia nzima ilimtaka anyamaze.

"Karatasi moja inaweza kuwa mbili," Fundi akasema.

Nilimwona anatamani kulirudisha neno mdomoni. Madamu akauliza, mbili vipi? Fundi akatazama mikono yake. Akamweleza kwamba karatasi ile ni nene, imetengenezwa kwa matabaka, na fundi anayejua anaweza kuipasua unene wake, mbele ikatoka peke yake, nyuma ikatoka peke yake, bila kutoboka.

"Na wewe unaweza?"

"Hata hilo linawezekana."

Madamu akamwambia akifanya hivyo, atamwandikia barua ya kupeleka ofisi ya uhamiaji, kwamba ni fundi asiye na mfano nchi hii, apewe kibali. Barua hiyo Fundi alikuwa ameiomba miaka miwili.

Nilimngoja Madamu atoke. "Ukilipasua, yule mama wa barua anabaki wapi?"

"Kwenye karatasi yake."

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Wewe mwenyewe ulisema inambeba."

"Nilisema."

"Basi kataa. Mwambie mikono imezeeka. Mwambie umesahau."

Akainua uso. "Unajua waliobaki duniani wanaoweza kazi hii ni wangapi?"

Hilo ndilo jibu alilonipa. Angesema nataka kibali, nimechoka kuingia chini ya meza, ningekaa kimya. Nilishuka nikamweleza Papa Kinyozi nikitegemea ataniunga mkono. Akaendelea kunyoa kichwa cha mtu. "Acha mzee apate papier yake, ndugu yangu. Wajapani walishakufa. Yeye bado iko muzima." Nikapanda ngazi nimezidi kukasirika.

Kazi ilichukua siku tatu, na aibu yangu ni kwamba nilimsaidia. Nilishika kitambaa cha maji. Alibandika karatasi ya kinga mbele na nyuma kwa gundi nyepesi ya mtungi aliouanza upya, akalaza, akasubiri kile kiasi cha unyevu anachokijua yeye. Kisha akaingiza ubapa wa mwanzi kwenye pembe, akapata mwanya, akaanza kuviringisha upande wa juu kwenye rola. Mlio wake ulikuwa mdogo, kama mtu anayemenya kitunguu chumba cha pili. Nilitaka utoboke. Mungu ananisikia, nilisimama pale nikiomba mkono wake uteleze. Haukuteleza. Shibiri kwa shibiri Buda akaenda kushoto na yule mama na farasi wake wakabaki kulia.

Siku ya tatu alasiri alinyanyua karatasi ya barua mbele ya dirisha. Mwanga ukapita. Haikuwa na tundu hata la sindano, na nyuma yake hakukuwa na kitu. Fundi akatabasamu. Hilo siwezi kulimeza. Angelia ningelia naye. Alitabasamu kama mtu aliyeambiwa bado kijana.

Madamu alileta bahasha yenye barua ya kibali, akaiweka mezani kwa heshima, akatoka kupiga simu. Nikamwambia, "Nipe barua zangu."

"Bado sijaziandika."

"Ndiyo maana nazitaka."

Fundi aliinuka. Akaenda kwenye sinki, akanawa mpaka kwenye viwiko, akajifuta. Akatoa kwenye droo kifurushi cha kitambaa cheupe, akanipa kwa mikono miwili, vile vile alivyozipokea. Nikakifungua pale pale mbele yake, maana sikumwamini tena. Barua zote saba zilikuwamo. Migongo yake alikuwa ameitandaza, ameinyoosha mikunjo, amepiga mistari ya fedha kutoka kulia hadi kushoto, myembamba, bado myeupe.

"Umeshapiga mistari," nikasema.

"Mistari siyo maandishi."

"Kwa nini hukumkatalia Madamu, Fundi? Kwa nini?"

Akachukua koti lake. Akalivaa bila haraka, mkono mmoja, mkono wa pili. Bahasha aliiacha mezani, hakuigusa. Alipita dukani, Madamu akamwita akiwa na simu sikioni, akaonyesha kwa kidole chumba cha nyuma, bahasha yako. Fundi alitikisa kichwa kwa adabu, akatoka. Nikamfuata mpaka getini na kifurushi changu kwapani.

"Kesho, mzee?" Papa Kinyozi alimwuliza. Akainua mkono.

Robot, taa ya barabarani, ilikuwa nyekundu. Barabara haina gari hata moja, watu wote wanavuka, yeye amesimama anangoja kama kawaida yake, mtu asiye na kibali hapendi kosa dogo. Nilikuwa na tusi mdomoni, la Tanga, zito, nimelitengeneza siku tatu. Nilikuwa nangoja ageuke nimpe. Robot ikawa kijani. Akavuka, akafuata ukuta wa bandari, koti lake likawa moja kati ya makoti mengine. Hakugeuka, wala hakurudi tena.